Mwaka Tulioongeza Jibu la Nne

Mwalimu Magesa tulimzika Morotonga, nyuma ya nyumba aliyoijenga polepole kwa miaka yote ya utumishi wake na kuhamia miezi michache tu kabla ya kuugua. Nilitoka Tarime na basi la kwanza, nikafika wakati jeneza linatolewa sebuleni, nikajipenyeza katikati ya watu ambao wengi sikuwajua. Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai tukapewa chakula. Nikiwa natafuta pa kuketi, mwanamume mmoja mwenye upara akanisogezea kiti cha plastiki na kusema, "Madam Rehema, umenenepa." Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa Mwalimu Ochieng, aliyefundisha fizikia nilipoanza kazi, na siku hizo alikuwa na nywele nyingi kuliko mtu yeyote pale shuleni. "Na wewe nywele umeziacha wapi?" nikamuuliza, tukacheka kwa sauti ya chini, kama watu wanavyocheka msibani. Sahani yangu ilikuwa na wali, vipande viwili vya nyama na kabichi. Ochieng akaitazama, akainua kidole gumba kama mtu anayebonyeza kitu, akaniuliza, "Hiyo ni B au C?" Nilicheka hadi mama aliyekaa mbele yetu akageuka kutuangalia.

Pale shuleni nilifundisha miaka minne. Lakini mtu akiniuliza habari za miaka ile, huwa najikuta nasimulia mwaka mmoja tu, ule wa kwanza, kana kwamba mitatu iliyofuata niliiishi usingizini. Ilikuwa sekondari ya kata, upande wa Nyambureti, na jina lake siyo la muhimu kwa sababu shule nyingi zilifanana nayo wakati ule na nyingine bado zinafanana nayo. Nilipangiwa huko kufundisha biolojia nikiwa na miaka ishirini na mitano, na begi langu lilijaa nguo ambazo hazikufaa kwa baridi ya asubuhi ya kule. Nilipewa chumba na sebule katika nyumba ya walimu iliyogawanywa mara mbili. Upande mmoja walikaa Mwalimu Magesa, mkuu wa shule, na mkewe, Mama Robi. Upande mwingine nilikaa mimi. Ukuta wa katikati ulijengwa ukafika juu kidogo ya mlango, ukaishia hapo, na dari haikuwekwa kamwe. Kwa hiyo kila harufu na kila neno la upande wao lilipanda, likapita chini ya mabati, likashuka kwangu. Nilijua kitunguu kinapokaangwa. Nilijua mkuu anapovua viatu. Nao bila shaka walijua kwamba kwangu hakikaangwi kitu, kwa sababu jioni baada ya jioni Mama Robi alipaza sauti juu ya ukuta, "Mwalimu, umekula?" na mimi nilijibu, "Nimekula, mama," nikiwa nimeshika kikombe cha chai na biskuti. Ndivyo alivyokuwa akiishi mwalimu wa lishe.

Maana lishe ndiyo kazi niliyopewa mwezi wa pili. Kulikuja shirika moja na gari jeupe, wakashusha sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, projekta, betri ya sola, na rimoti arobaini ndogo za rangi ya kijivu, kila moja ina vitufe vinne: A, B, C na D. Walikaa nasi siku mbili wakitufundisha. Swali linatokea ukutani pamoja na picha, mwanafunzi anabonyeza jibu lake, na papo hapo nguzo za rangi zinapanda kuonyesha wangapi wamechagua nini. Jina la mtu halionekani. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, walisema, hata mwenye aibu anajibu. Masomo yalikuwa yamekwisha kuandaliwa, wiki kwa wiki, yote kuhusu vijana na ulaji bora, na sisi kazi yetu ilikuwa kuwasha mtambo tu. Mkuu akawashukuru kwa hotuba ndefu, akamkabidhi Ochieng ufunguo wa sanduku kwa sababu ni mtu wa fizikia, akanikabidhi mimi kidato cha pili kwa sababu ni mtu wa biolojia. Gari likaondoka.

Tuliziba madirisha ya darasa kwa magunia ili picha ionekane. Nakumbuka joto la chumba kile, harufu ya magunia, na jinsi wanafunzi walivyozishika rimoti kwa mikono miwili kama watu waliopewa vifaranga. Swali la kwanza kabisa lilikuwa jepesi, la kuwachangamsha tu: Leo asubuhi umekula nini? A ilikuwa chai na mkate. B ilikuwa bakuli lenye vipande vya rangi ya dhahabu vinavyoelea kwenye maziwa, kitu ambacho hata mimi nilikuwa nimekiona kwenye matangazo tu. C ilikuwa mayai na matunda mekundu madogo ambayo hakuna aliyejua jina lake. Nikasema, "Haya, bonyezeni." Ukutani nguzo hazikupanda. Nikadhani mtambo umegoma. Nikamwita Ochieng, akakagua waya, akasema mtambo ni mzima. Nikawageukia wanafunzi. "Mbona hambonyezi?" Walikuwa wakitazamana. Ndipo msichana mmoja wa safu ya tatu, mrefu, mwenye sweta lililochanika kiwiko, akasimama. Jina lake Wegesa. Akasema, bila jeuri yoyote, kama mtu anayemweleza mwenzake kosa dogo la hesabu, "Madam, jibu langu halipo."

"Kwani umekula nini?"

"Sijala."

Darasa likacheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliosemewa. Nikasema tuendelee na swali la pili, na kipindi kikaisha vivyo hivyo. Jioni ile nilikaa na kompyuta, nikatafuta namna ya kubadilisha maswali, nikaipata. Kitufe cha D kilikuwa hakina kazi kwenye swali lile. Nikaandika hapo: Sijala. Wiki iliyofuata niliuliza tena. A ilipanda kidogo. B na C hazikusogea. D ilipanda, ikaendelea kupanda, ikafika karibu na juu ya ukuta, rangi ya bluu, nasi tukakaa tunaitazama. Hakuna aliyecheka safari hii. Nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha watoto hawa wapunguze sukari na mafuta. Nilisimama mbele yao, na Wegesa alikuwa akiniangalia kwa subira, kama anasubiri mimi ndiye nielewe.

Nilimpelekea mkuu habari ile kwa furaha ya kijinga, nikidhani nimegundua jambo. Alisikiliza akiwa anapanga makaratasi. Kisha akaniambia, "Futa."

"Mkuu?"

"Futa hilo swali. Wale watu watarudi mwisho wa mwaka kuangalia hiyo kompyuta. Unataka wakute shule yangu ina watoto wenye njaa? Na wewe ukiuliza watoto kama wamekula, kesho wazazi watasema Magesa anatafuta mchango. Unajua mchango ni kitu gani siku hizi, serikali ikiwa imeukataza? Mzazi mmoja akilalamika, mimi nakwenda na maji." Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayeniomba nisimpige. Nikajibu, "Sawa, Mkuu," nikaenda, na sikufuta. Nililihamisha swali lile na majibu yake mahali pengine kwenye kompyuta, nikaacha kuliuliza. Ni uwongo mdogo, lakini niliona aibu kila nilipomsikia akivua viatu upande wa pili wa ukuta.

Kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa zile picha. Nikaamua kwamba kama tunafundisha kula, tufundishe kwa chakula kinachojulikana. Nikawaambia wanafunzi tutapiga picha wenyewe kwa simu yangu, na Jumamosi nilianza kuzunguka nyumbani kwao. Kwa Wegesa nilifika karibu na saa saba mchana, miguu imevimba, maana njia ambayo yeye aliipita kila siku kwenda na kurudi ilinichukua zaidi ya saa moja na nusu. Baba yake, Mzee Nyamhanga, alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini mwa ukuta wa nyumba, akinoa panga. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa sinema?" Nikasema ndimi. Akaagiza niletewe maziwa kabla hata sijakaa. Nilikuwa nimekuja nikitarajia umaskini, nasema wazi ili nisijifanye mwema. Nilichokuta ni zizi lenye ng'ombe wengi, ghala mbili za mtama na mahindi, kuku, na bustani ya mgagani nyuma ya jiko. Mama yake Wegesa alitupikia ubukima, ugali wao mweusi wa mtama na muhogo, na mgagani aliouchemsha kwanza kuondoa uchungu, kisha akaupika na maziwa hadi ukawa laini. Nilipiga picha kila kitu. Kisha nikala, na hadi leo sijawahi kupata mboga iliyonifanya ninyamaze vile.

Tukiwa bado tunalamba vidole nikauliza, kama kwa bahati tu, "Na asubuhi huwa anakula nini kabla ya kuja shule?" Mama akamtazama mumewe. Wegesa akainuka kwenda kuchukua maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Asubuhi mtu anakwenda kazini," Mzee Nyamhanga akasema. "Chakula ni cha jioni, watu wakiwa wamerudi. Mimi nilikua hivyo."

"Anaondoka saa kumi na moja," mama akasema taratibu. "Ng'ombe hawajakamuliwa. Moto haujawashwa."

"Mwalimu," mzee akasema, "unaona hizo ghala? Mtoto wangu hana njaa." Alisema bila hasira, lakini nilielewa kwamba mlango umefungwa. Nikarudi nikiwa na picha arobaini na kitu kwenye simu na jambo moja kichwani, kwamba chakula kipo, na mtoto yupo, na vyote viwili havikutani tangu alfajiri hadi jioni.

Masomo yakabadilika baada ya picha zile. Mgagani ulipotokea ukutani, darasa zima lilipiga kelele. Walibishana ni jiko la nani, sufuria ya nani. Walijua majibu ambayo mimi sikuyajua. Mwanafunzi mmoja alinisahihisha mbele ya wote kuhusu namna ya kukausha kunde, na nikaiandika. Nilianza hata mimi kupika, na jioni ya kwanza nilipokaanga dagaa nilisikia upande wa pili Mama Robi akisema, "Afadhali! Leo nyumba ile ina mtu." Hata hivyo, kila kipindi kilichoangukia baada ya saa nne, vichwa vilianza kulala kwenye madawati kimoja baada ya kingine, wakati ukutani kuna picha ya samaki wa kukaanga. Kuna siku nilizima mtambo kwa sababu niliona ni ukatili.

Wegesa alianguka mwezi wa saba. Haikuwa kwenye kipindi changu, ilikuwa hisabati, na hisabati ya kidato cha pili aliifundisha mkuu mwenyewe. Alikuwa amemwita ubaoni. Aliandika mstari wa kwanza, akaandika wa pili, chaki ikateleza ikachora mstari mrefu hadi chini, naye akaenda nayo. Mimi niliona tu kupitia dirisha la ofisi ya walimu Mwalimu Magesa akivuka uwanja mbio, mtu mzima mwenye tai, amembeba msichana mrefu karibu kama yeye, miguu ya mtoto ikining'inia. Hakumpeleka ofisini. Alimpeleka nyumbani kwake. Nilipofika, Mama Robi alikuwa tayari anampa uji wa ulezi kwa kijiko, na Wegesa akiomba msamaha kila baada ya kumeza, kana kwamba amevunja chombo cha watu.

Alipoweza kusimama, Ochieng alimpeleka kwao kwa pikipiki yake. Mimi nikaingia upande wangu, nikakaa kitandani. Ule upande mwingine kikombe kiliwekwa mezani. Halafu nikasikia Mama Robi akiuliza, "Kwani hukujua?"

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Miaka ishirini nafundisha, Mama Robi. Nitaachaje kujua? Nikitaka swali gumu lijibiwe, nauliza kipindi cha kwanza. Kipindi cha saba simwulizi mtu. Leo nimesahau, nikamwita." Sauti yake ilikatika. Sikuwa nimewahi kusikia mwanamume wa umri wake akilia, na ninakumbuka kwamba niliziba masikio, siyo kwa sababu ya huruma, bali kwa sababu niliona siyo haki yangu kusikia.

Asubuhi alinisimamisha karibu na mlingoti wa bendera. "Lile swali ulilofuta," akasema, "huwezi kulirudisha?"

Nikamwambia sikulifuta. Nilitegemea anikaripie. Akasema tu, "Vizuri. Ijumaa kuna kikao cha wazazi."

Kikao kilifanyika darasani kwetu, magunia yakiwa dirishani. Wazazi walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, wanaume kwenye madawati ya mbele, akina mama nyuma na wengine sakafuni. Mkuu hakutoa hotuba ndefu. Akaniashiria, nikawasha, na ile nguzo ya bluu ikapanda ukutani mbele ya wazazi. "Haya ni majibu ya watoto wenu," akasema. "Mimi sikuwauliza jina, na hamtawauliza. Ninaomba tuzungumze kuhusu chakula cha mchana hapa shuleni. Siyo amri. Mkikataa, tunafunga mjadala, nami sitausema tena." Alikuwa anatoka jasho. Nilijua sasa anachokihatarisha.

Mzee Nyamhanga ndiye aliyesimama kwanza. Aliongea vizuri, lazima niseme. Alisema watu wametukanwa na ukuta. Alisema ghala zao hazijawahi kuwa tupu, na mtu anayemwambia mwenzake kwamba mtoto wako ana njaa amemwambia kwamba wewe siyo baba. Wanaume wakaitikia. Mkuu akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Ikanyooka michache, ya wanaume wawili watatu na mama mmoja mjane. Akina mama wengine walikuwa wanatazama kanga zao. Wanaokataa? Mbele kote ikanyooka mikono.

Nilimwona Ochieng akimnong'oneza mkuu. Mkuu akatikisa kichwa kukataa, kisha akafikiri, kisha akasema, "Watoto wamejibu kwa mashine. Ni haki na sisi tujibu kwa mashine hiyohiyo." Tukagawa rimoti, benchi kwa benchi, na kwa kuwa hazikutosha, baadhi ya waliokwisha kubonyeza walizipitisha nyuma. A ni ndiyo, B ni hapana. Nilipofika nyuma, mama yake Wegesa akanishika mkono. "Inaonyesha jina?" "Haionyeshi, mama." "Hata sura?" "Hata sura." Akaigeuza rimoti chini juu akiitafuta kamera, kisha akaiingiza ndani ya kanga, na sikuona kidole chake.

Nguzo ya ndiyo ilipita nguzo ya hapana kabla hatujafika benchi la mwisho, na benchi la mwisho lilikuwa la akina mama. Watu walianza kugeuka kutazamana, mbele wakitazama nyuma, na nikaogopa kwa mara ya kwanza, nikafikiria kina mama hawa wanarudi nyumbani kwenye nini jioni hii. Mzee Nyamhanga akasimama tena. Akaiweka rimoti juu ya dawati, polepole.

"Mimi nimebonyeza hapana," akasema. "Hilo lijulikane, sitaki kujificha kwenye mashine. Lakini nimeshindwa. Mtu akishindwa kwenye kikao, anarudi nyumbani na uamuzi wa kikao, hatafuti nani kamshinda." Akageuka kuwatazama wanaume wenzake, mmoja mmoja. "Mahindi yangu yatafika Jumatatu."

Yalifika Jumatatu, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, naye mwenyewe akiwa anatembea pembeni. Wengine walifuata, wengine walichelewa, na wachache hawakuleta kamwe, lakini mtoto wao alikula kama wengine, kwa sababu mkuu alikataa kabisa kuandika orodha ya nani hakuleta. Mwezi wa nane moshi ulianza kutoka nyuma ya stoo. Makande siku nyingine, ugali na maharage siku nyingine. Bustani ya mgagani na mchicha ilianzishwa na kidato cha pili karibu na kisima, na kile tulichojifunza ukutani kikapata pa kufanyiwa kazi. Mzee Nyamhanga alianza kutokea siku za chakula, amesimama na fimbo yake, akisema anataka kuona mwanawe anakula nini. Wiki ya pili alimuuliza mpishi, "Maziwa yako wapi?" Mpishi akasema hakuna. Mzee akamtazama kama aliyeambiwa hakuna hewa. Tangu hapo, kila Jumatano alikuja na baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa, akisimamia yachemshwe, akionja kwanza yeye.

Siku moja ya mvua aliingia darasani kujikinga, nikampa rimoti ili asikae bure. Kila swali, yeye alibonyeza maziwa. Chakula gani kinaongeza damu? Maziwa. Chakula gani kinasaidia choo kuwa laini? Maziwa. Darasa lilikuwa limegundua, maana ile nguzo ilikuwa na mtu mmoja tu kila safari, na walikuwa wanakufa kwa kicheko, Wegesa akiwa amefunika uso kwa daftari. Nikamweleza kwa adabu kwamba kwa damu, mgagani na dagaa ndivyo vinavyosaidia zaidi. Akairudisha rimoti. "Mashine yenu haijafuga," akasema. Hata Ochieng, aliyekuwa mlangoni, ilibidi atoke nje.

Wakati mwingine watu huniuliza, wakisikia nilianza kazi na mtambo kama ule, kama kweli ulifundisha kitu. Betri ilikufa mwaka uliofuata na hakuna aliyeleta nyingine. Nimefundisha tangu hapo kwa chaki, nimefundisha kwa simu, na sasa Tarime nina skrini kubwa ambayo mwanafunzi anaigusa kwa kidole. Ninaipenda. Lakini sijawahi tena kuingia darasani na maswali niliyopewa bila kuyasoma kwanza kama mtoto aliyetembea saa moja na nusu. Wegesa alimaliza, akaenda chuo cha uuguzi, na siku hizi ananipigia simu kuniambia ninywe maji. Kwenye maziko alikuwa mbele na familia, akimshika Mama Robi bega, na tulisalimiana kwa macho tu.

Kuna siku moja ambayo sikuwahi kumsimulia mtu, hata Ochieng. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kufunga shule mwezi wa kumi na mbili. Mwalimu Magesa miezi yote ile hakuwahi kula chakula cha shule. Alikwenda nyumbani, akala kwa mkewe, akarudi. Siku hiyo alitoka ofisini na sahani mkononi, akasimama kwenye foleni nyuma ya Wegesa. Wanafunzi walijaribu kumpisha. "Hapana," akasema, "nimefika wa mwisho." Akapakuliwa ugali, maharage na mgagani kama kila mtu, akaja kukaa kwenye benchi nililokaa mimi, chini ya kibaraza cha darasa. Alikula hadi katikati ya sahani.

"Mimi nilitembea mbali kuliko huyu binti," akasema. "Darasa la kwanza mpaka la saba, sikuwahi kula mchana. Nikawa wa kwanza kila mwaka. Unajua nilichokuwa naamini? Nilidhani ile njaa ndiyo iliyonisomesha." Akafinyanga tonge, akalizungusha muda mrefu bila kulichovya. "Nikawaachia na hawa njaa hiyohiyo, nikidhani nawapa kitu."

Uwanjani watoto walikuwa wanaosha sahani zao na kurushiana maji, sauti zao zikiwa juu kama sauti za watoto wa asubuhi ingawa ilikuwa saa tisa. Aliwasikiliza kidogo. Kisha akalichovya lile tonge, akala, akafuta sahani kwa kidole hadi ikang'aa, akainuka, akarekebisha tai yake na kwenda nyuma ya stoo. Nikamsikia akimuuliza mpishi kama kuna ukoko umebaki.